Ati gari za siku hizi ni mikebe?

Haiishi wiki bila mteja kunambia gari za zamani ndo zilikuwa chuma, hizi za sasa ukizigusa na kidole zinabonyea. Mimi ni fundi wa bodi hapa Malindi na huwa nacheka tu, maana ni kweli nusu.

Kwanza zile za zamani kabisa hata chuma kitupu hazikuwa, bodi ilikuwa fremu ya mbao imepigiliwa bati juu, yaani seremala ndo mwenye kazi. Dodge ya 1914 ilikuja na bodi ya chuma, bati zimetoka kiwanda cha Budd kule Philadelphia, Marekani. Corvette ya 1953 ikavishwa faiba, hii hii ya maboti.

Sasa Land Rover. 1948 Uingereza imetoka vitani, chuma kinagawiwa kwa kipimo na alumini iko tele, basi wakavisha bodi ya alumini juu ya chesisi ya chuma. Watu wa huku husema Land Rover haishiki kutu. Kutu nyekundu sawa, lakini hebu inama uangalie chini ya mlango pale alumini inapogusana na chuma, na huu upepo wetu wa chumvi, utaona rangi imefura, ukiikwangua unamwagika unga mweupe. Metali mbili tofauti zikikutana penye maji ya chumvi moja huila nyenzake, na hapo inayoliwa ni alumini. Zitenganishe na mpira kabla hujafunga bolti. Na usiipige gesi ukingoja iwe nyekundu, haiwi, ikikaribia nyuzi 660 inayeyuka tu unabaki unatazama shimo.

Haya, mikebe. Boneti ni bati jembamba kweli, bampa ni plastiki, sibishi. Lakini vua ile plastiki ya nguzo ya katikati, kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, gari nyingi za miaka hii ndani yake kuna chuma cha boroni, yaani chuma kilichochanganywa na boroni kidogo, kiwandani kimepashwa mpaka kama nyuzi 900 kikagandamizwa kwenye kalibu baridi kikapoa ghafla, ndo kikapata ule ugumu. Saab, kampuni ya gari ya Uswidi, walianza kukitia kwenye milango ya gari yao iitwayo 9000 mwaka 1984. Ukikitoboa na biti ya kawaida inalia tu, haingii.

Na hapa ndo mafundi wenzangu wanaharibu. Gari imegongwa ubavuni, nguzo imeingia ndani, mtu anawasha gesi, anapasha mpaka nyekundu, ananyoosha, fila, rangi, mteja anaondoka anacheka. Ule ugumu wote umekwisha, ikigongwa tena palepale chuma kinamfuata abiria alipokaa. Nguzo hiyo haipashwi, inakatwa pale kiwanda kinapoelekeza na kutiwa nyingine, ndo maana bili yangu inakuwa vile, wala sikuibii.