Silikoni isiyolowa: yanayoaminiwa na yalivyo kweli

Wengi huamini kwamba ili maji yasinate juu ya kitu, kitu hicho kiwe laini kabisa. Angalia jani la gimbi baada ya mvua: matone yanabiringika hadi chini bila kuacha unyevu, ilhali chini ya hadubini jani hilo limejaa vinundu vyenye nta. Silikoni ya kutengenezea chipu hufuata kanuni hiyohiyo. Ikiwa laini, hata ukiipaka kemikali yenye florini, pembe ambayo ukingo wa tone unafanya na uso haivuki nyuzi 120 hivi; kadiri pembe inavyokuwa kubwa, ndivyo tone linavyokaribia kuwa duara. Kufika 150 na zaidi ni lazima uso uchongwe uwe na miiba midogo sana.

Hapo huzaliwa dhana ya pili, na hii ndiyo inayopotosha zaidi: kwamba kuchonga peke yake kunatosha. Hakutoshi. Silikoni ikikaa hewani hujivika utando mwembamba wa oksidi, na oksidi hiyo inapenda maji. Mtafiti Robert Wenzel alionyesha mwaka 1936 kwamba mkwaruzo huzidisha tabia ambayo uso unayo tayari. Kwa hiyo ukidondoshea tone silikoni iliyotoka kuchongwa, tone linatanda na kuzama katikati ya miiba. Kivike kipande kilekile tabaka jembamba la molekuli zenye florini, miiba ikiwa ileile, nalo tone litabiringika. Linakaa kwenye ncha tu, na chini yake kuna hewa, hali iliyoelezwa na watafiti Cassie na Baxter mwaka 1944. Hewa hiyo ndiyo inayofanya kazi.

Je, tabaka la kemikali haliepukiki? Kwa kawaida huhitajika, lakini mwaka 2014 watafiti Tingyi Liu na Chang-Jin Kim wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), walitengeneza juu ya silikoni vinguzo vya silika (oksidi ya silikoni) vyenye vichwa bapa, ukingo wake umekunjwa kuelekea chini. Vilikataa hata vimiminika vinavyolowesha karibu kila kitu, bila kupakwa chochote.

Wapo wanaodhani miiba hii huchongwa mmoja mmoja. Inajiotea yenyewe ndani ya plazma, yaani gesi iliyochajiwa umeme: florini inakula silikoni, oksijeni inajenga utando unaolinda kuta, na penye kinga hubaki mwiba. Mwanga unanaswa humo hadi kipande kinakuwa cheusi. Njia nyingine hutumia chembe za fedha ndani ya asidi ya haidrofloriki. Tafadhali usijaribu nyumbani. Asidi hiyo hupenya ngozi na kushambulia kalsiamu ya mwili, na maumivu huweza kuchelewa kuanza.

Tone kuwa duara pia si ushahidi. Petali ya waridi hufanya tone liwe duara, kisha hulishikilia hata ukiigeuza juu chini. Inamisha kipande: tone likianza kuondoka kabla ya nyuzi 10, hapo uso unakataa maji kweli.

Kuhusu kudumu, kidole kimoja kikipita kinavunja miiba hii midogo mno. Ndiyo maana watafiti wa Chengdu, China, na wa Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, mwaka 2020 waliificha ndani ya vishimo vya umbo la piramidi iliyopinduliwa, ili kingo za vishimo zibebe msuguano. Mvuke bado ni tatizo gumu, kwa sababu hugeuka maji humohumo katikati ya miiba na kuchukua nafasi ya hewa.