Mwanajenetiki Si Mtu wa GMO

Mwanajenetiki ni mtaalamu anayechunguza jinsi sifa zinavyopita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, na kwa nini watoto wa mzazi mmoja hutofautiana. Mzazi huyo anaweza kuwa binadamu, ng'ombe, mmea wa ngano, mbu au kimelea cha malaria. Maana yenyewe ni hiyo, haina zaidi.

Linaloniudhi ni jibu wanalopewa wanafunzi wa Nakuru na Kisumu wanapotaja kazi hii: "Aa, wale watu wa GMO," yaani wa viumbe vilivyopachikwa jeni ya kiumbe kingine maabarani. Wazazi hulisema, walimu wa ushauri wa taaluma hulisema, na nimelisikia likisemwa barazani na mtu aliyetumwa kuwafundisha wakulima. Mtoto anayependa biolojia huondoka akidhani ametaja jambo la aibu, au jambo la kampuni za ng'ambo lisilomhusu.

Hebu tazama miaka. Gregor Mendel alichapisha matokeo ya njegere zake za bustani mwaka 1866. Jina la taaluma hii lilitolewa na William Bateson mwaka 1905, na neno jeni, yaani kipimo cha urithi kinachobeba sifa, likaja na Wilhelm Johannsen mwaka 1909. Umbo la DNA, kemikali inayounda jeni, lilijulikana mwaka 1953. Bakteria wa kwanza kupachikwa DNA iliyokatwa na kuunganishwa maabarani, kazi ya Herbert Boyer na Stanley Cohen, ni wa mwaka 1973. Hesabu mwenyewe: kwa karibu miaka 70 watu waliitwa wanajenetiki, wakafundisha vyuoni na kubadilisha kilimo na tiba, kabla mtu yeyote hajakata jeni na kuipachika katika kiumbe kingine. Upachikaji huo wa jeni ni chombo kimoja kilichozaliwa ndani ya taaluma hii, tena kilichelewa kuzaliwa. Kumwita kila mwanajenetiki mtu wa GMO ni sawa na kumwita kila daktari mpasuaji.

Mfano ulio bora kuliko yote umetoka hapa kwetu, na inasikitisha kwamba wengi hawaujui. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini lakini alikulia Gilgil, katika Kaunti ya Nakuru ya leo. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alirudi Kenya na msafara wa chuo chake uliokwenda Mlima Kenya, akakusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Alitafuta wenye chembe za selimundu, yaani chembe nyekundu za damu zinazopinda kama mundu kwa sababu ya jeni ya kurithi. Akakuta kwamba watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria waliobeba jeni hiyo walikuwa zaidi ya asilimia 20, ilhali kwenye nyanda za juu hawakufika hata asilimia 1. Swali likazuka lenyewe. Mtoto anayeirithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama huugua vibaya, na zamani wengi walikufa wangali wadogo. Mbona basi jeni yenyewe haikufifia ikaisha? Mbona imeshamiri ziwani na pwani tu?

Allison aliona kwamba maeneo hayo ndiyo yenye malaria kali. Mwaka 1954 alichapisha jibu: aliyeirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi kikubwa asiuawe na malaria, akakua, akazaa, akairithisha. Baadhi ya watu waliojitolea kwa majaribio yake walikuwa Wajaluo. Kwa hiyo mojawapo ya mifano mikuu ya uteuzi wa asili kwa binadamu (sifa inayosaidia kuishi na kuzaa huenea kizazi hadi kizazi), ambayo wanafunzi wa dunia nzima husomeshwa, imejengwa juu ya damu ya watu wa ziwa hili. Vifaa vyake vilikuwa hadubini, sindano, ramani na swali zuri. Hakubadilisha jeni ya mtu yeyote.

(Na tukiwa hapo kwenye selimundu: wazazi wawili waliobeba jeni hiyo wanapoambiwa kuna uwezekano wa robo wa kupata mtoto mgonjwa, maana yake ni robo katika kila mimba. Haimaanishi kwamba wakishapata mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Familia huumia kwa sababu hawakuelezwa hili vizuri, na kulieleza vizuri ni sehemu ya kazi ya jenetiki.)

Sasa twende shambani, ambako neno GMO hutupwa ovyo zaidi. Mahindi chotara huitwa GMO. Kuku wa gredi huitwa GMO. Nyanya kubwa ngumu, GMO. Chotara H611 ilitolewa Kitale mwaka 1964, karibu miaka kumi kabla ya jaribio la Boyer na Cohen, kwa kuchavusha mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador. Kuku wa gredi amekuzwa kwa kuchagua jogoo na mitetea kizazi baada ya kizazi. Hakuna jeni iliyochukuliwa kwa kiumbe kingine ikapachikwa ndani yao.

Ukifika kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Njoro utaikuta kazi hii katika hali yake ya kila siku. Ngano hujichavusha yenyewe, kwa hiyo anayetaka kuzalisha mbegu mpya hufungua kila ua dogo kwa kibano, akatoa stameni (viungo vya kiume vya ua) kabla hazijakomaa, akafunika suke kwa mfuko wa karatasi, kisha akaleta chavua ya mmea mwingine. Baada ya hapo hupanda, huchagua, hupanda tena, na miaka kadhaa hupita kabla mkulima hajapata gunia la mbegu. Kutu ya shina aina ya Ug99, ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa Uganda mwaka 1998, iliishinda jeni ya kinga iitwayo Sr31 ambayo ngano ya nchi nyingi ilikuwa ikiitegemea. Tangu hapo mbegu za ngano kutoka pande nyingi za dunia hupandwa Njoro makusudi ili zishambuliwe na kutu, ijulikane ipi itasimama. Hayo yote ni jenetiki, na mavazi yake ni gambuti na kofia ya jua.

Hata mionzi si GMO. Eldo Ngano 1, iliyotolewa mwaka 2014 kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Eldoret na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, ilipatikana kwa kupiga mbegu mionzi na kuchagua mimea iliyostahimili kutu. Jeni zake zilibadilika, naam, lakini haikupachikwa jeni kutoka nje.

GMO kwa maana ya kweli ni kama pamba ya Bt, iliyobeba jeni ya bakteria inayoua viwavi, ambayo serikali iliidhinisha Desemba 2019. Kuna ubishi wa haki kuihusu teknolojia hiyo: marufuku ya uagizaji ya 2012, kuondolewa kwake Oktoba 2022, na kesi zilizofuata. Mtu ana haki ya kuikataa. Lakini aikatae yenyewe, asimkatae binti wa kidato cha tatu anayetaka kujua kwa nini vimelea vya malaria viliacha kuogopa dawa ya klorokwini. Hilo nalo ni suala la jeni, na watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kule Kisian wamekuwa wakifuatilia jeni za vimelea kwa miaka mingi.

Kuhusu njia ya kuifikia kazi, nitasema machache. Biolojia, kemia na hisabati zisiachwe, hasa hisabati, kwa kuwa jenetiki ya leo ni takwimu na kompyuta kwa sehemu kubwa. Shahada ya kwanza inaweza kuwa ya kilimo cha mimea, ufugaji, biokemia, maikrobiolojia au udaktari. Jina la mwanajenetiki kwa kawaida huja na uzamili au uzamivu, na hiyo ni miaka mingi ya kusoma. Anayeendesha kipimo cha DNA ili ijulikane baba wa mtoto ni nani anafanya kazi ya heshima ya maabara, ila si lazima awe mwanajenetiki.

Kwa hiyo mtoto akikutajia kazi hii, nakuomba umuulize anataka jenetiki ya nini: mimea, mifugo, binadamu au vijidudu? Akijibu mimea, atafute nafasi yake kwenye kilimo. Akijibu binadamu, njia yake inapita kwenye tiba au biokemia. Na akikosa jibu kwa sasa, msomee habari za Allison na watu wa ziwa, kisha mwulize tena kabla fomu za KUCCPS za kuomba nafasi vyuoni hazijafungwa.