Mbona mtu ana taito mkononi, yaani hati ya kumiliki ardhi, na bado shamba si lake?

Anti yangu anakaa Kayole, ameuza mitumba miaka mingi sana, sasa mwaka jana Jumapili moja jioni akanipigia simu ana furaha mpaka maneno yanagongana, amepata ploti Joska, kule Machakos, futi hamsini kwa mia, ameshalipa laki moja ya kushikilia na iliyobaki anamaliza mwisho wa mwezi. Nikamuuliza, "Anti, umejuaje ni ya huyo mtu?" Akaniambia, "Mwanangu, taito nimeiona kwa macho yangu, nimeishika na hii mikono."

Hayo maneno nimeyasikia Nairobi mara nyingi sana na kila nikiyasikia roho inashtuka. Juu swali ambalo watu huuliza baadaye, wakati tingatinga limeshapita, ni moja tu: kama taito ni halisi, imetoka ofisi ya serikali, ina muhuri na sahihi, inawezekanaje korti iseme shamba halikuwa la mwenye taito?

Jibu linaanzia mbali kidogo. Sheria za zamani za ardhi ziliilinda rejista sana, jina lako likishaingia pale wewe ndio mwenyewe na kukutoa ilikuwa kazi ngumu kweli kweli, ndiyo maana wazazi wetu walikua wakijua ukipata taito umemaliza. Lakini miaka hiyo hiyo ardhi ya umma ilikuwa inagawanywa kama peremende. Tume ya Ndung'u, ambayo ripoti yake ilitoka 2004, ilikadiria kwamba taito kama 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002, kuna misitu hapo, kuna nafasi zilizoachwa za barabara, kuna viwanja vya shule. Sasa fikiria hizo karatasi ziko wapi leo. Ziliuzwa, zikauzwa tena, shamba likakatwa vipande, kila kipande kikapata taito yake mpya safi, na mtu wa mwisho kwenye huo mstari ni mama wa mitumba ambaye hajawahi kuiba hata kitambaa.

Katiba ya 2010 ikabadilisha mchezo. Kifungu cha 40 kinalinda mali ya mtu lakini mwisho wake kinasema ulinzi huo hauhusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Halafu Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 26, inasema taito ni ushahidi kwamba wewe ndio mwenyewe, ila inaweza kupingwa kama kulikuwa na ulaghai ambao wewe mwenyewe ulihusika, ama, na hapa ndipo pa kusoma mara mbili, kama taito yenyewe ilipatikana kiharamu, bila kufuata utaratibu ama kupitia njama ya ufisadi. Hiyo sehemu ya pili haikuulizi kama wewe ulihusika. Kosa linaweza kuwa la mtu aliyemiliki kabla yako.

Kesi iliyofanya watu wote waelewe hivyo ni ile ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu, Aprili 2023. Kampuni ilinunua shamba la ufuo wa Nyali 2006 kutoka kwa kampuni nyingine, na mwenye kwanza kabisa kuandikishwa, 1989, alikuwa rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. 2017 kaunti ikaingia ikabomoa ukuta ikisema hapo ni njia ya umma ya kwenda baharini. Mnunuzi akajitetea kwamba alinunua kwa nia njema, alilipa, ana taito. Mahakama ikasema hapana, shamba lilitolewa kwa mtu wa kwanza bila kufuata utaratibu, kwa hivyo hakukuwa na kitu halali cha kupitisha kwa wa pili wala wa tatu. Ndiyo siku hizi utasikia mawakili wakisema mzizi wa taito. Hawaangalii jani, wanachimba mpaka chini.

Haya turudi kwa anti. Nilienda kwake jioni ya siku iliyofuata nikamwomba ile sachi, yaani karatasi ya rejista inayoonyesha shamba limeandikwa kwa nani.

"Si dalali alinifanyia, iko hapa kwa mkoba."

Akatoa karatasi, kopi ya kopi, imekunjwa mara nne. Cheti cha sachi kina sehemu tatu na ukijua kuzisoma huwezi kudanganywa kirahisi. Sehemu A ni shamba lenyewe, namba yake na ukubwa. Sehemu B ni mwenyewe, jina na namba ya kitambulisho. Sehemu C ni mizigo iliyo juu ya shamba, yaani kama benki inashikilia kwa sababu ya mkopo, kama kuna mtu ameweka kosheni, yaani tangazo kwenye rejista kwamba ana madai kwa hilo shamba, kama korti imezuia. Yake Sehemu C ilikuwa tupu, safi kabisa. Lakini tarehe ya muhuri ilikuwa na miezi minane! Miezi minane mtu anaweza kukopa, kushtakiwa, kufa. Sachi inakuambia rejista ilikuwaje siku hiyo tu, kesho yake haikuambii kitu.

Halafu nikaangalia Sehemu B. Jina lilikuwa la mzee fulani, na huyo aliyekuwa anauza ni kijana wa miaka thelathini na kitu. Anti akaniambia, "Hiyo ni jina la babake, si wanatumia moja, na mzee alishafariki kitambo." Alisema hivyo kama ni kitu kidogo.

Na hicho kitu kidogo ndicho kimemeza pesa za watu wengi hapa nje ya mji. Mwenye taito akifa, shamba haliendi kwa watoto lenyewe tu. Lazima familia iende korti ya urithi, ipewe granti, yaani idhini ya korti ya kusimamia mali ya marehemu, halafu granti ithibitishwe, ndiyo inaonyesha nani anapata nini. Sheria ya Urithi inasema wazi kabisa, mali isiyohamishika ya marehemu haiuzwi kabla granti kuthibitishwa. Barua ya chifu haitoshi. Mkutano wa familia na picha mmepiga mkishikana mikono, hautoshi. Kijana anaweza kuwa mtoto halali, mwaminifu, na bado hana uwezo wa kukuuzia hata futi moja.

Tulienda rejista ya Machakos tukafanya sachi mpya (za Nairobi siku hizi unafanyia Ardhisasa, ule mfumo wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021), na tukaomba pia kopi ya kadi ya kijani. Hii kadi watu wengi hawajui kama ipo na kwangu ni muhimu kushinda taito yenyewe. Ndiyo historia ya shamba, kila mtu aliyewahi kulimiliki ameandikwa hapo na tarehe, ukiifuata unarudi nyuma mpaka shamba kubwa lililokatwa likazaa hiki kipande. Ukiona shamba lilibadilisha wenyewe mara tatu ndani ya mwaka mmoja, uliza kwa nini. Ukiona mwenye kwanza ni serikali, uliza serikali ilitoa vipi na kwa nini. Kwa sachi mpya Sehemu C haikuwa tupu tena: kosheni, imewekwa na mwanamke ambaye jina la ukoo ni lile lile la mzee. Anti aliisoma polepole na kidole, akaniuliza, "Huyu ni nani?" Dada ya yule kijana.

Kuna wengine hata taito hawaonyeshwi, wanapewa barua ya ugawaji, ile ya kusema umegawiwa ardhi ya serikali, wanaambiwa taito iko njiani. Hapo pia Mahakama ya Juu ilishaongea, 2023, kesi ya Torino Enterprises iliyohusu ardhi ya Embakasi: barua ya ugawaji ni ofa tu, haimfanyi mtu mwenye shamba, na huwezi kuuza kitu ambacho bado hujapata. Nairobi hii vile imejaa barua za ugawaji na vyeti vya hisa vya makampuni ya ardhi, hilo ni jambo la watu kukaa chini nalo kabla ya kutoa hata bei ya soda.

Mengine watu huniuliza nitayapitia haraka. Makubaliano ya mdomo kwa ardhi hayana nguvu kortini, sheria inataka maandishi, pande zote ziweke sahihi na zishuhudiwe. Shamba la kilimo lazima lipate kibali cha bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano, la sivyo mauzo yanakuwa bure kisheria. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mke ama mume, hata kama taito ina jina moja. Ushuru wa stempu analipa mnunuzi, 4% mjini na 2% mashambani, na ile kodi ya faida, 15% tangu Januari 2023, ni ya muuzaji, asikubebeshe wewe. Asiye raia anaweza kumiliki lakini kwa lizi, yaani kukodishiwa, isiyozidi miaka 99.

Na wakili. Ukiambiwa "msijali, loya wetu atawafanyia wote", huyo loya ni wa muuzaji. Chukua wako, na uangalie kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili kama ana cheti cha mwaka huu. Pia mlipe savea atafute bikoni, zile alama za mipaka, na ramani, juu kuna watu wameonyeshwa ploti nzuri kando ya barabara na namba ya taito ni ya ploti nyingine kule bondeni.

Laki ya anti imerudi nusu, ile nyingine kijana anasema alishampa dalali na dalali simu haishiki. Bado tunafuata. Wiki iliyopita alinipigia tena, ameonyeshwa ploti upande wa Kamulu, na kabla sijasema kitu akaniambia, "Nimemwambia kwanza anitumie namba ya taito na kitambulisho chake, na nauli ya Machakos nimeshaweka kando."