Akupancha ni nini, na inatibu nini?

Akupancha ni tiba ya jadi ya Wachina ambayo mgonjwa huchomwa sindano nyembamba kwenye sehemu maalumu za mwili. Sindano hizo hazina dawa wala tundu. Ni nyaya za chuma, nyingi zikiwa na unene wa robo milimita hivi. Mtabibu akishaichoma huizungusha taratibu mpaka mgonjwa asikie uzito au ganzi mahali pale, kisha huiacha kwa dakika 15 hadi 30.

Wengi huichanganya na hijama. Anayepiga chuku anakusudia kutoa damu. Wa akupancha hana haja nayo, na ikitoka ni tone tu.

Wachina wa kale walifundisha kwamba mwilini mna nguvu iitwayo qi (hutamkwa "chi"), inayopita katika mikondo mikuu 12. Ikikwama au ikipungua, mtu huugua, na sindano huifungulia njia. Mafundisho haya yamo katika Huangdi Neijing, kitabu cha miaka 2,000 hivi iliyopita. Leo vituo, yaani sehemu za kuchoma sindano, vinavyotambuliwa rasmi ni 361, kila kimoja na jina lake. Hegu kiko kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Huchomwa kwa maumivu ya kichwa na meno, ila mjamzito hachomwi hapo. Neiguan kiko upande wa ndani wa mkono, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye kifundo, na ni cha kichefuchefu.

Mikondo yenyewe haijawahi kuonekana kwa wanaopasua miili. Na si Wachina wote walioikumbatia tiba hii: mwaka 1822 mfalme Daoguang aliifuta katika chuo cha tiba cha kasri lake, na ni serikali ya Mao iliyoifufua baada ya 1949, nchi ikiwa na madaktari wachache.

Je, inasaidia? Kwa maumivu sugu ya mgongo, shingo, goti na kichwa, ndiyo, kwa kiasi. Jaribio ninalolirejea kila nikiulizwa ni la Ujerumani, lililotolewa mwaka 2007, la watu 1,162 wenye maumivu ya mgongo. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu kwa akupancha halisi walikuwa asilimia 47.6. Waliochomwa juujuu tu, mahali pasipo kituo chochote: 44.2. Waliopewa matibabu ya kawaida ya dawa na mazoezi: 27.4. Kwa hiyo kuchomwa kulisaidia, lakini kuchomwa mahali sahihi hakukuongeza kitu cha maana. Huenda mwili hutoa kemikali zake za kutuliza maumivu, huenda ni matumaini na kuhudumiwa kwa utulivu. Mimi nadhani ni vyote.

Anayekuahidi kwamba sindano zitaponya kisukari, saratani au utasa, mwogope. Malaria nayo ni ya vidonge vya hospitali.

Ukiamua kwenda, hakikisha sindano ni za kutumika mara moja na pakiti inafunguliwa mbele yako, maana zikirudiwa huambukiza homa ya ini. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema mapema. Sindano za kifuani na mabegani zinahitaji mkono uliofunzwa: ikizama mno hutoboa pafu, na ukianza kubanwa pumzi baada ya kuchomwa huko, hata saa kadhaa baadaye, kimbilia hospitali.