Uboreshaji wa makazi palepale: maana yake na unavyofanyika

Uboreshaji wa makazi palepale ni njia ya mipango miji ya kutengeneza mtaa uliobanana bila kuwahamisha wakazi wake. Mamlaka hufungua barabara, huchimba mitaro, hulaza mabomba ya maji safi na majitaka, kisha huwapa wakazi hati au leseni ya kukaa. Nyumba zenyewe huachiwa wenyewe waziboreshe kadiri wanavyopata.

Kwanza ieleweke msongamano ni nini. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, huhesabu kuwa chumba kimejaa kupita kiasi pale kinapolaliwa na watu zaidi ya watatu. Hapo kinachopimwa ni chumba. Eneo la maghorofa linaweza kuwa na watu wengi kwa hekta kuliko mtaa wa mabanda, na bado kila familia ikapata choo, hewa na njia ya gari la zimamoto.

Serikali nyingi zimezoea kupeleka tingatinga. Mwaka 2005 Zimbabwe iliendesha Operesheni Murambatsvina ya kubomoa nyumba na vibanda mijini, na Umoja wa Mataifa ukakadiria kuwa watu wapatao 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Ubomoaji wa namna hiyo ni ukatili, tena hauondoi msongamano. Watu wanabanana katikati ya mji kwa sababu vibarua viko huko na wanaweza kwenda kwa miguu. Ukiwatupa mbali nje ya mji, nauli inameza ujira, nao wanarudi kupanga katika mtaa mwingine ambao sasa utajaa zaidi.

Jakarta ilianza njia tofauti mwaka 1969, kwa mpango wa kuboresha vitongoji vyake viitwavyo kampung: vichochoro viliwekewa sakafu ngumu, mitaro ikajengwa, maji yakafikishwa. Thailand ilikwenda mbali zaidi mwaka 2003 kwa mpango wa Baan Mankong. Huko vikundi vya akiba vya wakazi hukopeshwa fedha, nao wenyewe huamua kama watakarabati, watapanga upya viwanja, au watatafuta ardhi ya karibu.

Kupanga upya viwanja ndiko kwenye ugomvi. Barabara haipiti hewani. Lazima kila mwenye kiwanja amege kipande, na ambaye nyumba yake imekaa katikati ya njia apewe nafasi ndani ya mtaa uleule, mara nyingi kwenye jengo la ghorofa. Mkutano mmoja wa hadhara hautoshi kwa jambo hili. Wapimaji wanapaswa kukaa na wakazi, ramani ikiwa mezani, mpaka kwa mpaka.

Wapangaji nao husahaulika. Maji na taa zikifika, kodi hupanda, na aliyekuwa akilala chumba kimoja na watoto wanne anafukuzwa bila tingatinga. Kwa hiyo orodha ya wapangaji iandikwe kabla ya mtaro wa kwanza kuchimbwa, na mwenye nyumba anayepewa hati akubali kwa maandishi kiwango cha kodi kwa miaka kadhaa.