Kijani, mapema, umechelewa: muda wa kuachia mpira kwenye gemu za kikapu

Kwenye gemu za kikapu kama NBA 2K, kurusha mpira kuna hatua mbili. Unabana kitufe, mchezaji wako anaruka na kamita kadogo pembeni yake kanaanza kujaa. Kakifika pale panapotakiwa, unaachia. Ukipatia, mita inawaka kijani na mpira unaingia. Ukiwahi au ukichelewa, gemu inakuandikia kabisa kwamba umewahi au umechelewa, na hapo mpira unabaki na bahati yake: unaweza kuingia, unaweza kugonga chuma ukarudi.

Kwenye mabanda ya gemu ya Mwanjelwa au Kabwe, hapa Mbeya, wengi wako kwenye soka, lakini runinga ikiwekwa kikapu ugomvi hauchelewi. "Oya, hii inaonea, nimeachia palepale!" Mwenzake anamjibu, "Kwani Curry wa kweli huwa hakosi?" Anamsema Stephen Curry, nyota wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Ukiwasikiliza vizuri, hawabishani jambo moja. Wa kwanza anadai haki: kidole kikifanya kitu kilekile, matokeo yawe yaleyale. Wa pili anadai uhalisia: kikapu cha kwenye kioo kifanane na kile cha uwanjani. Gemu haiwezi kuwapa wote wawili kila wanachotaka, na hapo ndipo watengenezaji wanapoumiza kichwa kila mwaka.

Tuanze na kijani chenyewe. Kile kipande cha mita kinachokubalika hakina upana mmoja. Kinapanuka mchezaji akiwa na alama kubwa za kurusha, akiwa hana mtu mbele, akiwa hajachoka. Kinabanwa akiwa mbali, au mkono wa anayemkaba ukiwa usoni. Ndiyo maana kwenye matoleo ya miaka ile Hasheem Thabeet wetu yuko NBA, kumpeleka kwenye mstari wa pointi tatu ilikuwa ni kujitafutia aibu. Yule jamaa wa mita 2.21, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009 wakati Stephen Curry akichaguliwa wa saba, kazi yake ilikuwa chini ya kikapu, na gemu inalijua hilo. Halafu kila mchezaji ana mruko wake. Kuna anayeachia akiwa bado anapanda, kuna anayesubiri mpaka afike juu kabisa. Ukizoea mmoja ukahamia kwa mwingine, vidole vinakusaliti.

Uhalisia uko wapi hapo? Nusu upo, nusu haupo. Curry wa kweli anaingiza takribani asilimia 42 ya mitupo yake ya pointi tatu na takribani asilimia 91 ya mitupo huru, naye ndiye mrushaji anayetajwa kuliko wote. Maana yake hata yeye, kwa umbali ule, anakosa zaidi ya nusu. Ringi ina kipenyo cha sentimita 45 na mpira una takribani 24. Pembe ya kushuka, mzunguko wa mpira, nguvu ya miguu, vyote vinaamua, na muda wa kuachia ni sehemu tu ya hesabu hiyo. Gemu imechukua hiyo sehemu moja ikaifanya ndiyo mtihani wote. Kijana aliyeshika muda wa Curry akikaa peke yake kwenye kona, anaweza kukupiga tatu mfululizo mpaka ukazima runinga. Si uhalisia huo, lakini ni haki, maana amejifunza na wewe hujajifunza.

Ukijaribu kusogea upande wa pili, wa uhalisia, watu wanapiga kelele. NBA 2K21 ilipotoka mwaka 2020 kurusha kulifanywa kugumu, na malalamiko yakawa mengi kiasi kwamba watengenezaji wakaulegeza muda siku chache tu baadaye.

Sasa kuna dhuluma nyingine ambayo gemu inasingiziwa bure, na kwa mabanda yetu naiona ndiyo kubwa kuliko zote: runinga. Gemu nyingi za siku hizi huonyesha fremu 60, yaani picha 60 moja baada ya nyingine, kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja inadumu milisekunde 17 hivi. Kijani kinaweza kuwa fremu chache tu. Runinga bapa huichakata picha kwanza kabla ya kuionyesha, inang'arisha rangi, inalainisha mwendo, na kazi hiyo inaweza kula milisekunde 50 au zaidi. Hapo unachokiona kimeshapitwa na fremu tatu. Unaachia mita ikiwa juu kwenye macho yako, kumbe ndani ya mashine imeshapita. Zile runinga za zamani zenye mgongo mkubwa hazikuwa na tabia hii, ndiyo maana wakongwe wanaapa kwamba zamani kurusha kulikuwa kwepesi.

Wawili wakiwa kwenye runinga moja wanacheleweshwa sawasawa, kwa hiyo kati yao hakuna anayeonewa. Anayeonewa ni mgeni. Aliyezoea runinga ya nyumbani kwao Uyole akija bandani, kidole chake kimepimwa kwa ucheleweshaji mwingine kabisa, wakati mwenyeji anayeshinda pale ameshazoea kuachia mapema kidogo bila hata kujua anafanya hivyo. (Ukiongeza Julai ya Mbeya, vidole vimekufa ganzi na padi ni ya baridi kama bomba la maji, basi tena.)

Mtandaoni ni kubaya zaidi, na sababu si umbali peke yake. Ucheleweshaji usiobadilika, hata ukiwa mrefu, mtu anauzoea. Unaobadilika hauzoeleki. Bando la simu jioni, mtaa mzima upo hewani, mtupo huu unachelewa kidogo, unaofuata mara mbili yake. Umeachia sawasawa mara zote mbili, umepata kijani mara moja. Hapo ndipo malalamiko ya "inaonea" yana ukweli wote, maana ujuzi umeshaondolewa kwenye hesabu.

Mimi kwa gemu ya watu wawili wamekaa benchi moja nachagua haki, kijani kiingie, mradi mkono wa anayekaba ukibane kweli kile kipande. Anayetaka asilimia za Curry acheze peke yake, abadilishe vipimo kwenye mipangilio, vipo. Na kwa wenye mabanda: runinga nyingi za sasa zina modi ya gemu kwenye menyu ya picha, inayopunguza ule uchakataji. Iwasheni. Mgeni naye apewe dakika za kurusha peke yake kabla hela haijaanza kuhesabiwa, apime runinga yenu inachelewa kiasi gani.