Kufundishana na kufundishwa ni maneno mawili

Wiki iliyopita niliongezwa kwenye kundi la WhatsApp la wanawake wajasiriamali. Jina la kundi lina neno "kufundishana", na kwenye maelezo limerudiwa mara tatu. Nikataka kusalimia. Pale chini pa kuandikia nikakuta maandishi kwamba maadmini pekee ndio wanaoweza kutuma ujumbe. Humo ndani tupo zaidi ya mia mbili na anayesema ni mmoja. Mwaka huu hili ni kundi la nne la namna hiyo, ndiyo maana naandika.

Kufundishana ni watu walio katika hali moja kupeana ujuzi, kila mmoja akiwa mwalimu kwa hiki na mwanafunzi kwa kile. Wengine huita elimu rika. Maana yenyewe ndiyo hiyo. Kinachoniumiza ni zile herufi tatu za mwisho, a-n-a, ambazo watu wanazibeba bila kuzitumia.

Elimu na mwalimu tulivipokea kutoka Kiarabu. Kufunda ni la kwetu, la Kibantu, na limezaa fundi, funzo na mwanafunzi. Mpaka leo linafanya kazi yake ya zamani: mwali hufundwa, bibi harusi hufundwa kabla ya kutolewa. Anayemfunda ni kungwi, na pwani huitwa pia somo, neno lile lile tunaloliandika ubaoni tunapoanza kipindi. Ukilipa shina hilo -isha unapata kufundisha. Ukiweka -wa, kufundishwa. Ukiweka -ana, kufundishana. Shuleni tuliambiwa hii ni kauli ya kutendwa na ile ni kauli ya kutendana, tukajibu mtihani, tukasahau. Lakini ukipigwa, ukaenda polisi ukaandikisha kwamba mmepigana, kesi yote imegeuka. Hapo hakuna asiyejua kazi ya -ana.

Kwenye biashara inaonekana hivi. Kuna kundi jingine nililomo, dogo, la watengeneza sabuni ya maji. Dada mmoja alituma picha ya ndoo saa tatu usiku: "Jamani sabuni yangu imekuwa maji tupu, nimeongeza chumvi mara mbili na haishiki." Mama mmoja, mzoefu, akamjibu kwa sauti, jiko likisikika nyuma yake: chumvi huifanya sabuni iwe nzito mpaka kiwango fulani, ukikipita inalegea tena, kwa hiyo asiongeze, bali apunguze makali kwa maji na slesi, ile malighafi ya sabuni yenyewe, kidogo kidogo. Siku chache baadaye mama huyohuyo akauliza kwa nini anauza sana na hela haionekani. Yule dada wa ndoo ndiye aliyemwandikia hesabu, mstari kwa mstari: chupa, lebo, nauli ya bodaboda, na muda wake mwenyewe, ambao mama hakuwahi kuuhesabu. Wamepishana miaka ishirini na zaidi. Kwa sababu hiyo hata "rika" naomba tusilisome kama umri tu. Neno lilizoeleka kupitia waelimishaji rika, vijana waliozungumza na vijana wenzao kuhusu UKIMWI, na pale umri ulikuwa na maana. Kwa wafanyabiashara, mwenzako ni yule anayehangaika na ndoo kama yako.

Najua nitaambiwa kwamba mtandao ndio ulivyo, kundi kubwa lisipofungwa linajaa matangazo na salamu za Ijumaa. Ni kweli. Ila mwaka 1973 Tanzania ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, iliyofikia takriban watu milioni 2 kwa redio. Redio haijibiwi. Hata admini mkali kuliko wote hawezi kufunga kundi kama redio inavyojifunga yenyewe. Lakini watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza kipindi pamoja na kijitabu chao, kisha redio ikizimwa ndipo mazungumzo yanaanza: nani ana choo, kwa nini cha fulani kimeporomoka, maji ya kunywa nani anachemsha. Kufundishana kulifanyika baada ya redio kunyamaza. Kwenye haya makundi yetu, admini akinyamaza, kila mtu anabaki na simu yake.

Sisemi anayefundisha kwa malipo anakosea. Mtu aliyetumia miaka kujifunza kuoka keki ana haki ya kuuza ujuzi wake, na mimi mwenyewe nimelipia kozi za namna hiyo na zimenifaa. Hiyo iitwe kozi, au darasa. Wala kutumiana "hongera mpambanaji" asubuhi hadi jioni si kufundishana. Huko ni kutiana moyo, jambo jema lenye jina lake.

Kwa hiyo, dada zangu mnaoendesha makundi haya, naomba mfungue kundi hata saa moja tu, Jumamosi jioni, mwulize nani sabuni yake imemharibikia wiki hii, kisha mwacheni mwingine amjibu kabla yenu. Kama hilo haliwezekani, badilisheni jina liwe "darasa". Tutabaki, na ada tutalipa.